Tangazo Linakaguliwa: Staa wa Chai ya Tumbo na Mama wa Magauni ya Idi

Wadau, leo nina stori ya kazini. Sitaji jina la mtu, sitaji jina la mtandao, kwa hiyo msinibane na zile za "ni fulani eeh?" Hata mkipatia nitakaa kimya, maana hawa watu ndio wanaonilipa.

Kazi yangu ni kuwawekea watu matangazo ya kulipia mitandaoni. Siyo ubalozi wa bidhaa, siyo kupost na kuchukua changu. Mimi nakaa nyuma ya laptop, natengeneza tangazo, naliwekea hela, nachagua lionwe na akina nani, halafu naangalia linavyokwenda. Wateja wangu wengi ni watu wa Kariakoo na Sinza wenye fremu moja, na mastaa wawili watatu ambao mkipishana nao Mlimani City mtaomba selfie.

Watu wengi wanaogopa tangazo lao kukataliwa. Mimi kukataliwa hakuninyimi usingizi. Ukikataliwa unatajiwa kanuni uliyovunja, hata kama kwa juujuu, unarekebisha au unaomba waangalie upya, maisha yanaendelea. Kinachonitoa jasho ni ile hali nyingine: linakaguliwa. Hapo hujakubaliwa, hujakataliwa, hela haijakatwa, na hakuna wa kumpigia simu. Uko tu, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati bila namba.

Kwa wasiojua, ukishabonyeza kuchapisha, tangazo haliendi moja kwa moja kwa watu. Linasomwa kwanza na mashine. Inaangalia picha, video, maneno, watu uliowalenga, mpaka ukurasa ambao mteja atafikishwa akibonyeza. Binadamu wanaingia pale inapohitajika tu. Meta, wenye Facebook na Instagram, wameandika kwamba matangazo mengi hukaguliwa ndani ya saa 24 na mengine huchukua muda zaidi. TikTok nao wanataja saa 24. Sasa shida yote imejificha kwenye hilo neno "mengi". La kwako likiwa kwenye yale mengine, ndiyo imetoka hiyo.

Haya, tuanze na staa.

Kuna mwanadada mmoja, nyie mnamjua, wafuasi wake wamepita milioni. Aliniletea chai ya kupunguza tumbo. Chai yenyewe sisemi chochote, kila mtu na tumbo lake. Alikuja na picha mbili zimebandikwa pamoja, kushoto tumbo limetangulia, kulia limepotea, na maneno juu: "Una kitambi? Umechoka kuchekwa?" Nikamwambia dada, hii haipiti. Picha za kabla na baada kwenye mambo ya kupunguza mwili zinawaudhi sana wakaguzi, na kumwambia mtu moja kwa moja kuwa ana kitambi, au ana deni, au anaumwa, ni kosa kwenye kanuni za mitandao mingi. Wewe unadhani unaongea na mteja, wao wanasema unamnyooshea kidole. Tukakubaliana ibaki picha moja ya boksi la chai na kikombe, na maneno ya kawaida ya kumkaribisha mtu. Nikalituma saa nne asubuhi.

Mpaka jioni, linakaguliwa. Siyo ajabu, hata siku haijaisha. Lakini staa ana mpambe, na mpambe ana ruhusa ya kuingia kwenye akaunti kwa sababu yeye ndiye "meneja". Usiku yule kijana akaingia akabadilisha picha. Saa tatu baadaye akaongeza neno "original". Kulipokucha akabadilisha rangi ya maandishi. Akilini mwake anasukuma gari lililozima. Kumbe kila ukigusa picha, maneno au watu uliowalenga, tangazo linarudi kukaguliwa upya, saa zinaanza kuhesabiwa tena kutoka sifuri. Kwa siku mbili lile tangazo lilikuwa linarudishwa nyuma ya foleni na mtu wa nyumbani kabisa! Bajeti na tarehe unaweza kugusa, hizo hazilirudishi. Yeye aligusa kila kitu isipokuwa hizo.

Nilipomwambia bosi wake, hakunisikiliza. Alikuwa ameshapata jibu lake: kuna mkono wa mtu. Mwenzake mmoja wa filamu, ambaye naye anauza bidhaa ya tumbo, "ameliripoti tangazo mpaka limefungiwa." Nikamuuliza kwa adabu, dada, tangazo ambalo halijatoka, nani kaliona mpaka aliripoti? Kimya. Halafu usiku akaingia laivu.

Ile laivu wengi wenu mliiona. Machozi, "wanaonichukia", "Mungu anawaona", boksi la chai mkononi muda wote. Kesho yake chai iliisha. Yaani iliisha dukani tangazo likiwa bado linakaguliwa! Yule aliyetuhumiwa akanitumia ujumbe kuniuliza kama kweli mtu anaweza kuzuia tangazo la mwenzake. Nikamweleza kwamba likishakuwa hewani watu wanaweza kuliripoti na likaangaliwa upya, lakini kabla ya hapo haiwezekani. Akacheka, akaniuliza bei zangu.

Katikati ya hiyo vurugu mpambe alikuwa amempata kijana Telegram anayedai ana "mtu ndani" wa kufungua matangazo. Laki moja na nusu, na umtumie ile namba ya tarakimu sita itakayoingia kwenye simu. Nilimkuta ameshaandika tarakimu nne. Nilimpokonya simu, na sikuomba samahani. Ile namba ndiyo funguo ya akaunti nzima. Unatoa, unaamka kesho ukurasa wenye watu milioni unauza sarafu za kidijitali kwa Kirusi. Mjini hapa kuna waigizaji na waimbaji wameanza upya na wafuasi 300 kwa sababu ya namba hiyo, na ukiwauliza wanasema "nilihakiwa". Hukuhakiwa shoga, ulifungua mlango.

Kwa staa mambo yaliishia kuwa kichekesho. Ana mdomo na ana watu wa kuusikiliza, tangazo likikwama anaingia laivu. Stori nyingine ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Kuna mama mmoja ana fremu ya nguo za watoto. Siyo maarufu, hajawahi kuingia laivu maisha yake yote, na simu yake ina mpasuko katikati ya kioo. Kabla ya Idi alikopa milioni mbili kwenye kikoba chao, akaongeza kidogo ya kwake, akanunua magauni 120 ya watoto wa kike kwa bei ya jumla, kila moja 18,000. Alipanga kuuza 30,000. Riba ya kikoba ilikuwa asilimia kumi, na marejesho ni Jumapili baada ya Idi. Kwenye kikoba mnajua hakuna cha "mtandao ulikuwa unasumbua". Wanakikoba wanakuja nyumbani wakiwa wamevaa vizuri.

Akanipa 200,000 ya tangazo. Alhamisi mchana nikatuma video fupi, wajukuu zake wawili wanazunguka na magauni, nzuri kweli. Idi ilikuwa inasubiriwa Jumatano au Alhamisi ya wiki inayofuata, mwezi ndiyo ungeamua. Ijumaa, linakaguliwa. Jumamosi, linakaguliwa. Kila baada ya swala alikuwa ananipigia. "Mwanangu, vipi?" "Bado mama." "Haya, tumwachie Mungu." Hakunikaripia hata mara moja, na ni afadhali angenikaripia.

Jamani, kwa nini limekwama? Magauni ya watoto! Hakuna kitambi, hakuna kamari, hakuna siasa. Akaunti yake ilikuwa mpya na haijawahi kulipia tangazo, na akaunti mpya huwa wanaitazama kwa jicho la pembeni. Pia ni msimu, kila mwenye duka kuanzia Casablanca mpaka Jakarta anatangaza nguo za Idi wiki hiyo hiyo. Lakini hayo ni mawazo yangu. Wao hawakusema kitu.

Jumamosi usiku nikaandikia huduma kwa wateja wao. Likajibu roboti. Roboti likaniuliza kama jibu lake limenisaidia, nikasema hapana, likanipa jibu lile lile. Baada ya kama dakika 40 akaja mtu, au kitu chenye jina la mtu, akanipa namba ya kumbukumbu na kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu gani? Sikuwa na uvumilivu wowote. Makampuni yenye bajeti nene hupewa mtu wao maalumu, ana jina na ana barua pepe, tangazo likikwama wanamuandikia na anajibu. Mama wa magauni 120 anapewa roboti. Na ukitazama vizuri, kampuni ya vinywaji tangazo lake likichelewa siku nne haina hasara ya maana, itauza soda wiki ijayo. Gauni la Idi baada ya Idi ni gauni tu.

Jumapili asubuhi nikaacha kungoja. Lile la kwanza sikuligusa kabisa. Nikatengeneza jingine pembeni, jepesi: picha moja badala ya video, gauni limetundikwa ukutani bila mtoto, maneno mistari miwili, na badala ya kumpeleka mteja kwenye ukurasa, kitufe cha WhatsApp tu. Nikahakikisha kadi ina hela, maana kuna wakati unalaumu ukaguzi kumbe malipo ndiyo yamegoma na taarifa imelala kwenye barua pepe usiyoifungua. Wakati huo huo nikamwambia mama aanze kutuma picha kwenye status na magrupu yote, la kikoba, la madrasa, la mtaa, la ukoo. Alikuwa anaona aibu. Nikamwambia mama, aibu tutaionea baada ya Jumapili.

La pili lilipita Jumatatu jioni. Tukapata siku mbili.

Siku hizo mbili bodaboda hakupumzika. Mbagala, Tabata, Kimara, mpaka Bunju. Usiku wa kuamkia Idi mama alikuwa bado anafunga mifuko na mjukuu anasoma majina ya wateja kwenye ile simu yenye mpasuko. Yaliuzika magauni 71. Piga hesabu: 2,130,000. Marejesho 2,200,000. Imepungua 70,000 tu, faida yote inaning'inia kwenye henga kwa umbo la magauni 49.

Tangazo lilikuwa limetumia 60,000 kati ya ile laki mbili. Iliyobaki, 140,000, nilimrudishia yote Ijumaa, ndiyo iliyoziba pengo Jumapili. Malipo yangu ya kazi nilimwambia tutaongea. Nina mwenzangu katika kazi hii anasema nilifanya ujinga, kwamba kazi niliifanya na nilipaswa kulipwa. Kazi niliifanya, ndiyo. Ila mimi sikudaiwa na watu 25 waliovaa vizuri.

Na lile la kwanza, la video? Mtandao ulilikubali siku ya Idi yenyewe, saa tano usiku. Watu wameshakula pilau, watoto wamelala na magauni yao, ndipo taarifa inaingia: hongera, tangazo lako limeidhinishwa. Halikukata hata senti, kwa sababu huwa naliwekea kila tangazo la sikukuu tarehe na saa ya mwisho, na lile lilikuwa limeisha muda tangu jana yake. Usipoweka mwisho, linaamka lenyewe na kuanza kula hela kutangaza sherehe iliyopita. Nimeona tangazo la shoo ya msanii mmoja mkubwa linawaalika watu ukumbini Jumatatu, shoo imeshafanyika Jumamosi, na promota analipia kila anayebonyeza.

Magauni 49 yalichukua miezi. Meupe tisa yalinunuliwa kwa mpigo na mama mmoja wa Kimara kwa ajili ya watoto wa Komunio ya kwanza. Mengine yakaondoka kwa 22,000 msimu wa mahafali ya chekechea. Mama alinilipa hela yangu nusunusu kwa M-Pesa bila mimi kudai, na kila akituma ananipigia kuhakikisha imefika.

Juzi amenitumia picha za mzigo mpya, na Idi ijayo bado wiki sita. Nikamuuliza mbona mapema hivyo. Akanijibu kwa sauti, hapendi kuandika: "Mwanangu, lipeleke sasa hivi huko kwa wakaguzi wako. Wakalale nalo."