Nyangwe: Kupumzika kando ya Lualaba, mahali pasipo mlinzi

Siku ya Mungu, saa tisa, jua linapoanza kulegea, watu wa Nyangwe hushuka mtoni. Si wote wanaokwenda kuchota maji au kufua nguo. Vijana wanacheza mpira juu ya mchanga, wamama wanakaa chini ya miti na kusukana nywele, wazee wanatazama mitumbwi ikivuka. Watoto wanazunguka vidimbwi ambavyo Lualaba huviacha kandoni maji yanapopungua wakati wa kiangazi. Hakuna anayelipa kitu. Hakuna uzio, hakuna kibao, hakuna mlinzi.

Kati ya watu hao wamo pia wahami wa vita. Wengi walitoka pande za Kabambare na Salamabila, kwenye vilima na machimbo ya dhahabu, ambako kijito cha kijiji ni kidogo na mtu anaona mawe chini ya maji. Lualaba ni maji ya namna nyingine. Ni mapana, yana nguvu, na huwezi kuona chini. Mwenyeji amezaliwa akiyasikia. Mhami anayakuta akiwa mtu mzima, watoto wakiwa mkononi.

Mama mmoja wa watoto wanne, aliyepokelewa na familia ya Nyangwe, alikaa miezi mingi bila kufika mchangani isipokuwa kwa kuchota maji. Aliogopa mto, lakini aliogopa zaidi macho ya watu. "Mhami akionekana amekaa kivulini, watasema hana shida tena," alisema. "Jina lake litatolewa kwenye orodha ya msaada."

Si yeye peke yake mwenye hofu hiyo. Wengi wanafikiri kwamba mtu aliyepoteza nyumba na shamba anahitaji muhogo, chumvi na sufuria tu. Ni kweli anavihitaji. Lakini mama huyo alikuwa na mtoto wa miaka tisa ambaye, tangu walipokimbia, alilala na viatu miguuni kila usiku. Alisema kwamba wale watu wakija tena, atakuwa tayari. Shida ya namna hiyo haitibiwi kwa kilo ya unga.

Watoto wa jirani ndio waliomvuta mtoto huyo mpaka mtoni. Alicheza mpira wa matambara mpaka giza lilipokaribia. Usiku ule alivua viatu mwenyewe, akalala. Mama aliona, akanyamaza. Juma lililofuata alishuka naye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1989, unasema katika ibara ya 31 kwamba kila mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema mtoto wa mhami asubiri mpaka vita viishe.

Siku hiyo ya kwanza watoto waliingia kwenye kidimbwi kilicho karibu na majani marefu. Mzee mmoja mvuvi, Mugenya, alipiga kelele kutoka kwenye mtumbwi wake. Mama aliwakusanya watoto haraka na kutaka kurudi nyumbani. Alidhani wanafukuzwa kwa sababu ni wageni. Mzee alifika mchangani, akamwita.

"Mama, sikufukuzi. Njia hii unayoiona si ya watu. Ni ya kiboko."

"Papa, sisi hatukujua."

"Hamkuambiwa. Kosa si lenu, ni letu sisi wenyeji."

Akamwonyesha majani yaliyolala upande mmoja, nyayo pana kwenye matope, na mavi yaliyotawanyika. Kiboko hushinda ndani ya maji mchana kutwa. Jua likizama hutoka kula majani, na hurudi kabla ya mapambazuko. Mtu akisimama kati yake na mto, kiboko hakimbilii porini. Anakimbilia maji, na mtu yuko katikati. Kwa hiyo ikifika saa kumi na moja ya jioni, kila familia iwe imekwisha kupanda.

Mamba ana tabia nyingine. Hatoi sauti. Huwinda ukingoni, mahali ambapo watu huinama kila siku kuchota maji. Wavuvi wanashauri watu wasichote mahali pamoja siku zote, wasiende peke yao, na mtoto asitumwe mwenyewe na bidoni. Anayeweza afunge chombo kwenye kamba au mti mrefu, avute maji akiwa amesimama mbali kidogo.

Hatari ya tatu haina meno. Kwenye maji yaliyotulia huishi konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo vinaingia kupitia ngozi nzima, hata pasipo kidonda, kwa dakika chache tu. Baadaye mtoto anaumwa tumbo, anachoka, na damu inaonekana kwenye choo au kwenye mkojo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na mzazi anayeona dalili hizo ampeleke mtoto kituo cha afya bila kungoja. Lakini akirudi kuoga kidimbwini, ugonjwa unaweza kurudi. Mayai ya kichocho hufika majini kwa njia ya choo na mkojo wa watu wenyewe. Anayejisaidia kando ya kidimbwi anawapa ugonjwa watoto wa wenzake na wa kwake.

Kwa sababu hiyo mahali pazuri pa kucheza ni mchanga mkavu, mbali na majani na mbali na maji yaliyolala. Mto wenyewe uachiwe watu wanaoujua mkondo wake.

Mzee aliomba pia jambo moja. Watoto wengi, wenyeji na wahami, wanavua samaki wadogo vidimbwini kwa vyandarua vya mbu. Njaa inaeleweka. Lakini samaki wengi hukulia kwenye maji hayo ya kando kabla ya kwenda mtoni. Chandarua kinakamata hata walio wadogo kama ukucha. Sahani ya leo inachukua samaki wa mwaka ujao, na nyumba ya mhami inabaki usiku bila kinga ya malaria.

Wagenya wanaujua ukingo huu kwa mema na kwa mabaya. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, wanawake wengi walikuwa wamevuka kuja kuuza bidhaa zao hapa Nyangwe. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua bunduki katikati ya soko. Wengi walikimbilia mitumbwi na kuzama. Mskoti David Livingstone alikuwepo, akaandika aliyoyaona. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wenyeji wa mto huu nao ni watoto wa watu waliokimbia bunduki. Baada ya siku ile watu walivuka tena, wakauza tena, wakakaa tena kivulini. Mhami anayekaa leo kwenye mchanga huo si mgeni wa habari hiyo.

Mahali pengine ukingo wa namna hii una mlinzi. Karibu na mji wa Bujumbura iko hifadhi ya Rusizi, pale mto unapoingia ziwa Tanganyika. Wageni hulipa, na kiongozi anawatembeza kuona viboko, mamba na ndege. Katika jimbo letu la Maniema iko hifadhi ya taifa ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016, lakini iko mbali, ng'ambo ya Lualaba. Kando ya mto Nyangwe hakuna kiongozi wa kulipwa. Anayejua njia ya kiboko ndiye mlinzi, na uzio ni neno analomwambia asiyejua.

Kazi hiyo haihitaji mradi wala pesa. Familia inayopokea wahami iwapeleke mtoni mara ya kwanza, mchana, iwaonyeshe mahali pa kukaa na mahali pa kuepuka. Chifu, imamu na katekista wanaweza kurudia maneno hayo mbele ya watu kila kiangazi kinapoanza. Na anayemwona mama mhami amekaa kivulini asihesabu shida zake. Amsalimie, amwambie saa.

Yule mama anakuja sasa karibu kila juma. Familia mpya zikifika, yeye ndiye anayewaonyesha majani yaliyolala.