Treni Inayopita Chini ya Kangari

Mtu wa Kangari akitaka kwenda popote, kwanza huteremka. Mgongo wa mlima uko nyuma yako, msitu wa Nyandarua uko juu yako, na mbele ni barabara inayoshuka katikati ya majani chai mpaka Kaharati, ambako joto hukupokea kabla ya makanga. Reli iko huko chini. Sisi tuliolelewa kwenye chai tulisikia habari zake kama vile watu wa bara wanavyosikia habari za bahari.

Ndiyo maana Ijumaa moja ya mwaka 2021 niliteremka hadi Nairobi ili nipande treni itakayonirudisha upande wa kwetu, initeremshe Nanyuki kwa shangazi yangu. Huduma ya abiria ilikuwa imerejea Desemba 2020, baada ya reli kukaa miaka mingi ikimezwa na magugu. Tiketi ilikuwa shilingi 200. Matatu ya Nanyuki ilikuwa ikitoza zaidi ya mara mbili ya hizo.

Nilimtumia mpwa wangu aliyeko Uholanzi picha ya tiketi hiyo. Akajibu kwamba juzi tu ametoka Paris hadi Amsterdam, akakatiza Ubelgiji yote, kwa saa tatu na nusu hivi. Mimi nilikuwa na kilomita 240 mbele yangu, zote ndani ya Kenya, na nilijua siku nzima ingekwisha njiani. Sikuona sababu ya kumwonea wivu. Nchi tatu kwa saa tatu na nusu, mtu anaona nini?

Tuliondoka saa tatu asubuhi, barakoa usoni, kila mtu na mfuko wake wa mandazi. Jiji halitoki haraka kwenye dirisha la treni. Makadara, Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa: mitaa ambayo kwa barabara unaiona mbele, na kwa reli unaiona kwa nyuma, kwenye kamba za nguo, mabanda ya kuku na mafundi wa milango ya chuma. Kwenye njia za mkato bodaboda walisimama wakitutazama kana kwamba sisi ndio tuliopotea. Tulipishana na moja ya zile treni za dizeli zilizonunuliwa mwaka 2020 kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, kwa ajili ya abiria wa Nairobi. Ziliweza kuja kwetu kwa sababu reli ya Mallorca ina upana wa mita moja, sawasawa na hii ya mkoloni. Kumbe Ulaya nayo ina reli nyembamba.

Reli hii ilifika Thika mwaka 1913, na makaratasi ya wakati ule yaliiita tramu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa mashamba ya Nanyuki na Laikipia kwa wanajeshi wazungu waliostaafu, na wenye mashamba wakataka njia ya kupeleka mazao yao bandarini. Reli ikasukumwa kaskazini kipande kwa kipande, ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukiyajua hayo, unaanza kuelewa kwa nini inapita inapopita.

Baada ya Thika ni mananasi. Mistari ya mananasi inazunguka polepole mpaka macho yanachoka, kisha Mitubiri, kisha Makuyu na miembe yake. Hapa ndipo niliposogea upande wa kushoto wa behewa, maana huko ndiko kwetu. Mzee mmoja aliyepanda Thika, kofia ya sufu kichwani licha ya joto, aliniona nikinyoosha shingo.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Kangari, guka. Nataka nione kama inaonekana."

Alicheka mpaka akashika fimbo yake. "Watu wa majani chai! Nyinyi reli haikuwahi kuwajua."

Kisha akanieleza, kidole kikichora hewani. Mito yote ya kwetu, Chania, Thika, Maragua, Mathioya, hutoka Nyandarua na kukimbilia mashariki kwenda Tana, na kila mto umechimba bonde lake. Anayetaka kuvuka nchi hiyo juu, karibu na msitu, lazima ashuke na kupanda, ashuke na kupanda, kila mgongo na daraja lake. Mzungu alihesabu madaraja akaona ni afadhali apite chini, ambako mabonde yamelainika. Nilikuwa nimeishi juu ya mojawapo ya migongo hiyo maisha yangu yote na sijawahi kuelezwa jambo hilo na mwalimu wa jiografia. Mama yake yule mzee, alisema, alikuwa akibeba ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akishuka nazo usiku ili aiwahi treni Maragua.

Nilitazama. Upande wa magharibi kulikuwa na ukuta wa buluu na mawingu yameulalia. Kangari ilikuwa humo ndani, mahali fulani chini ya mawingu, na labda kulikuwa kunanyesha.

Maragua ilipita na migomba yake. Mahali ambapo barabara ilikuwa karibu tuliona matingatinga yakigeuza udongo mwekundu. Ulikuwa ule mradi wa kupanua barabara ya Kenol hadi Marua kupitia Sagana, kilomita 84 za njia mbili mbili. Serikali ilikuwa imefufua reli na kupanua barabara inayoshindana nayo kwa wakati mmoja. Mzee aliangalia matingatinga, akaniangalia mimi, akaendelea na njugu zake.

Sagana ndiyo chini kabisa, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo treni hupanda. Injini ilibadilisha sauti, kona zikakaza, na kwenye kona kali niliweza kuona behewa la mwisho likitufuata. Hewa ikapoa. Watu walianza kutoa masweta.

Karatina tulisimama. Soko lake halihitaji kutangazwa, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kiwanda hapa cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi ya Uingereza. Wakulima wa vilima hivi walilisha askari waliokuwa mbali sana, na vita vilipokwisha kiwanda nacho kikafungwa. Mzee alishuka Kiganjo, penye chuo cha polisi. Mji wa Nyeri wenyewe haukupata reli. Anayekwenda huko hushuka Kiganjo na kutafuta gari. Alinipa mkono, akaniagiza nimsalimie mama yangu ambaye hamjui.

Baada ya hapo ni nchi nyingine, pana na kavu. Naro Moru kulikuwa na kabichi na ngano, na Mlima Kenya ulijifunua kwa dakika chache upande wa kulia, ncha zake nyeusi na barafu kidogo. Ikweta inapita kusini kidogo mwa Nanyuki, na barabarani kuna bango na vijana wanaomwonyesha mtalii maji yakizunguka kwenye beseni. Sisi wa treni tuliivuka bila kuambiwa na mtu.

Alasiri ilikuwa imekwenda sana nilipobisha kwa shangazi. Alinipa chai kabla ya maswali.

"Umetoka Nairobi saa ngapi?"

"Saa tatu, tata."

"Saa tatu!" Alikaa. Yeye hupeleka viazi Nairobi kwa lori la jirani, na kila gunia hulipiwa. "Na hiyo treni yenu, gunia inabeba?"

Nilimwambia niliona abiria wenye mifuko na masanduku tu, sikuona gunia.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alinimiminia chai nyingine, akauliza kama shilingi 200 ni za kwenda tu au ni za kwenda na kurudi.