Jinsi Tulivyomwuguza Baba

Wanafunzi wangu, habari nitakayowasimulia ni ya nyumbani kwetu, na sehemu yake moja yanitia haya. Walakini naiandika, maana huenda mmoja wenu akapata mgonjwa kwao, naye asikosee kama nilivyokosea mimi.

Baba yangu alikuwa mvuvi katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini ya Liuli. Tangu ujana wake alitoka usiku kwa mtumbwi na taa kuvua usipa, akarudi alfajiri. Mwaka 2016 alipatwa na kiharusi. Upande wake wote wa kuume ukalegea, na maneno yakawa mazito kinywani mwake. Alilazwa hospitali majuma matatu, kisha tukamrudisha nyumbani. Mimi nalikuwa nikifundisha huko milimani Mbinga. Nikaomba ruhusa, nikateremka ziwani.

Watu wa kumwuguza hawakukosekana. Alikuwapo mama, ndugu zangu wawili na wake zao, shangazi, na watoto. Sote tulimpenda Baba. Kila aingiaye alimsalimu, akamnywesha uji, akamfunika shuka vizuri, akatoka. Nami nikasema moyoni, “Baba hana upungufu.”

Hata siku ya 12, mama alipokuwa akimwosha, aliniita. Juu ya mfupa ulio chini ya kiuno, ngozi ilikuwa nyeusi kuliko mahali pengine, na katikati imechubuka. Nikadhani ni joto tu. Nikasokota kitambaa kikawa ngata, kama ile waitiayo wanawake kichwani wachukuapo mtungi, nikaiweka chini yake ili mahali pale pasiguse godoro. Tena nikapasugua mafuta kwa nguvu. Baada ya siku nne mchubuko ule ulikuwa donda la kuingia kidole, na harufu yake ikajaa chumbani. Baba hakulia. Ila kila wazee wenzake walipokuja kumtazama, aligeuza uso wake ukutani kwa aibu.

Ndipo nilipokwenda kumwomba mwuguzi mmoja, mama wa makamo, aje nyumbani kwetu. Alipoiona ile ngata, aliiondoa kwanza kabla ya kusema neno. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, ni nani amgeuzaye mzee?”

Nikajibu, “Ni sisi sote, Mama.”

“Jana usiku alimgeuza nani?”

Nikamtazama mama yangu. Mama akamtazama ndugu yangu. Ndugu yangu akamtazama shangazi. Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alidhani ya kuwa mwenziwe amefanya.

Mwuguzi akaniuliza tena, “Shuleni kwako uwanja hufagiwaje?”

Nikasema, “Kwa zamu. Majina yameandikwa ukutani.”

Akasema, “Basi uwanja wa shule umepata zamu, na baba yako hakupata.”

Neno hilo lilinichoma, maana lilikuwa kweli.

Akaketi, akatueleza sababu ya donda lile. Mtu mwenye afya alalapo hujigeuza mara nyingi bila kujua. Lakini asiyeweza kujigeuza, uzito wake hukandamiza nyama kati ya mfupa na godoro. Mishipa midogo hufinywa, damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Ngata niliyoiweka iliifinya mishipa pande zote kwa mviringo, na kusugua kwangu kuliiumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Hivyo nilivyodhani kuwa dawa vilizidisha ugonjwa.

Usiku ule ule nikatwaa karatasi na rula, tukagawana kazi. Ndugu zangu wawili walimgeuza Baba kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, leo upande huu na saa ile upande ule. Hawakumlaza chali, kwa sababu donda lilikuwa nyuma. Wala hawakumlaza ubavu kabisa, ili mfupa wa nyonga usielemewe, bali walimwinamisha kidogo, mto ukiwa nyuma ya mgongo wake na mwingine kati ya magoti. Hawakumburuta, maana kuburuta huchubua ngozi. Walimwinua kwa shuka, mmoja huku na mmoja huku. Mama alimwosha, akamkausha, akanyosha shuka lisiwe na makunjo. Shangazi alishika chakula: samaki, maharage, mayai, na maji ya kutosha, kwani donda halijengi nyama mpya pasipo chakula. Mwuguzi alilisafisha donda, akanifundisha mimi kulifunga. Kila amalizaye zamu yake alitia alama katika karatasi.

Kazi ya ukaguzi akapewa binti wa ndugu yangu, mwenye miaka 11. Mwuguzi alimwonyesha mahali pa kutazama kila asubuhi na jioni: visigino, vifundo, nyonga, viwiko, mabega, masikio. Akamwambia, “Katika ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani upesi. Basi papasa kwa mgongo wa mkono. Mahali penye moto, au pagumu, au palipozidi weusi, sema mara moja.”

Siku ya tisa mtoto yule alinijia mbio. “Baba mkubwa,” akasema, “kisigino cha Babu kina moto!” Nikaenda nikashika, kweli. Tukaweka mto chini ya ndama ya mguu ili kisigino kining’inie bila kugusa kitu. Kesho yake moto ulikuwa umekwisha. Donda la pili lilizuiwa na mkono wa mtoto, wala halikutugharimu hata senti.

Donda la kwanza lilikaa miezi mitano hata likafunga. Baba aliishi miaka miwili zaidi, akiketi barazani na kutazama mitumbwi, wala hakupata donda jingine.

Baadaye nalisoma habari za daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani. Mwaka 1944 alifungua idara ya watu walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Siku zile wengi wa wagonjwa hao waliuawa na vidonda vya namna hii na maradhi ya njia ya mkojo. Yeye aliagiza wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana kupiga mishale katika uwanja wa hospitali hiyo wakiwa katika viti vya magurudumu, na michezo hiyo ndiyo iliyozaa Paralimpiki.

Huku Mbinga mmeona Wamatengo walimavyo ngoro katika miteremko. Wanaume hukata majani na kuyapanga miraba; wanawake huyafukia kwa udongo, na mashimo yabakiayo huyashika maji ya mvua. Kundi moja likiacha kazi yake, mvua huchukua shamba.

Basi, wanafunzi wangu, akilala mgonjwa nyumbani kwenu, msiridhike kwa kuwa wote wampenda. Andikeni majina ukutani, na kila usiku mwulizane: saa hii ni zamu ya nani?