Kawia Ufike



Mimi ni mtoto wa bahari. Nilizaliwa Mombasa, nikasomea chuoni Mji wa Kale, na katika ujana wangu nilijua kukwea mnazi tu. Leo nina miaka 56, na kwa miaka mingi sasa nasomesha watoto hapa Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale. Kila jioni nikikaa kibarazani kungoja adhana ya magharibi, hulitazama jua likizama nyuma ya Mlima Elgon, ambao majirani zetu Wabukusu huuita Masaba.

Mwishoni mwa mwaka uliopita alitujia mpwa wangu kutoka Mombasa. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, alitoa simu yake akawaonyesha wanangu wawili, kaka na dada, tangazo la safari ya kupanda Kilimanjaro: siku tano, bei nafuu, na kufika kileleni ni hakika. Akanigeukia akasema, "Mjomba, tupe radhi zako tu."

Nilinyamaza kwa muda. Hawakujua nilikuwa nakumbuka nini.

Nilipokuwa na miaka 27, mimi na sahibu yangu tulitoka Mombasa kwa basi la usiku, na kesho yake tukaanza kuupanda Mlima Kenya. Kiongozi wetu alitutoza nusu ya bei ya wenziwe, akaahidi kutufikisha Lenana, mita 4,985, na kuturudisha kwa siku tatu. Siku ya pili sahibu yangu alitapika, kisha akaanza kuyumba kama mtu aliyeshuka chomboni baada ya dhoruba. Kiongozi akasema ni uchovu tu. Nami, ndugu zangu, niliafiki, kwa kuwa nilikitaka kilele. Aliyemwokoa ni mpagazi mmoja mzee aliyeutua mzigo wake akasema, "Huyu ashushwe sasa hivi." Akashushwa usiku ule kwa mwanga wa kurunzi, na kadiri alivyoteremka ndivyo fahamu zake zilivyomrudia. Amekwisha kunisamehe. Lakini neno lile nilipaswa kulisema mimi.

Basi niliwasimulia vijana kisa hiki, kisha nikawaambia walete kalamu na karatasi.

Maradhi ya milimani hayachagui mnyonge wala shujaa. Kupita mita 2,500 hivi hewa huwa nyepesi, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, pumzi moja huleta takriban nusu tu ya oksijeni iletwayo na pumzi hiyo hiyo ufukweni. Mwili huweza kuzoea, ila huzoea kwa wakati wake. Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne mtu apumzike. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo la kusimama. Kuyumba, kuchanganyikiwa na kuhema hali umekaa ni amri ya kushuka, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Tangazo lile lilikuwa la njia ya Marangu, ambako watu hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Vipo kwenye mita 2,700, 3,700 na 4,700 kwa makadirio. "Hesabuni," nikawaambia. Wakaona wenyewe kuwa kila usiku mtu hupandishwa mita 1,000. Wanaojali huongeza siku ya sita ya kuzoea hewa pale Horombo, na siku hiyo ndiyo ikatwayo ili bei ishuke. Cha rahisi ni ghali, na hapa ughali wake hulipwa kwa roho.

Sikuwakataza. Niliwaambia tutafute sote, nami nitakwenda nao. Tukazungumza na viongozi watatu, na kila mmoja tukamuuliza maswali yale yale. Je, umewahi kumrudisha mtu kabla ya kilele, na kwa sababu gani? Mmoja wetu akiugua, nani atashuka naye, na watakaobaki watakuwa na kiongozi? Wapagazi wako hubeba kilo ngapi, hulala wapi, na hulipwa lini? Kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20. Na sisi tulioamrishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake bila kumchelewesha hatuna udhuru wa kufurahia safari iliyopunguzwa bei kwa jasho la mwenzetu.

Wa kwanza alijibu kwa fahari kuwa hajamrudisha mtu hata mmoja. Tukamfuta. Ninyi wa pwani mtanielewa: nahodha asemaye hajapata kuahirisha safari kwa sababu ya upepo, je, utampa mwanao? Wa pili alituahidi Elgon kwa siku moja, kwa kuwa gari huweza kupanda njia ya hifadhi hadi juu sana. Lakini gari hukimbia kuliko damu inavyoweza kuzoea. Wa tatu alituuliza yeye kabla hatujamuuliza: nani kati yenu anatumia dawa? Nikakiri kuwa nina shinikizo la damu. Akasema tusizungumze habari ya fedha mpaka nimwone daktari. Hapo ndipo nilipomwamini.

Ni yeye aliyetushauri tuanze na Elgon, kwa miguu, siku nne, kutoka lango la Chorlim hadi kilele cha Koitobos, mita 4,222. Kitale yenyewe iko kwenye mita 1,900 hivi, na mpwa wangu alikuwa atakaa kwetu wiki mbili kabla ya safari, hivyo angeanza kuzoea akiwa nyumbani. Mpwa alinuna. "Mjomba, nani huko Mombasa anaujua Mlima Elgon?" Nikamjibu kuwa mlima haupandwi kwa ajili ya watu wa Mombasa.

Palikuwa na mambo ya dini pia, na kiongozi hakuyachoka. Binti yangu alipata hema lake, na kaka yake akalala hema la jirani. Nyama na sufuria zilitoka jikoni kwetu. Tulipanga vituo kwa nyakati za sala, kwa kuwa kutoka Matisi hadi kileleni hakufiki masafa ya kupunguza sala katika madhehebu yetu ya Shafi, na mgeni wetu alikwisha kuwa mkaazi. Kibla huko ni kaskazini kwa kuelemea mashariki kidogo. Nikawakumbusha pia kisa cha swahaba Amr bin al-As, aliyetayamamu kwa kuhofia baridi na Mtume (s.a.w.) asimlaumu. Dini haikutuletea mashaka.

Tukaondoka mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, pamoja na kiongozi, msaidizi wake, wapagazi na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwani njia hupita penye nyati na tembo. Pango la Kitum, ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi, tulilitazama kutoka mlangoni tu. Kiongozi alitueleza kwamba wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, wa mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelizuru.

Siku ya tatu asubuhi, kilele kikionekana mbele yetu, mpwa wangu alikuja hemani kwangu. Hakuwa amelala, wala uji haukumpita kooni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, kichwa kinaniuma tangu jana. Niliona haya kusema." Akaongeza haraka kuwa ataweza, kwa kuwa zimebaki saa chache tu.

Nilimtazama, nikamwona sahibu yangu wa miaka ile.

"Tushuke," nikasema. Kiongozi akaitikia kwa kichwa bila kuuliza. Akaendelea na wanangu wawili, nasi tukateremka polepole na msaidizi. Kufikia alasiri mpwa wangu alikuwa anakula na kucheka. Wenzake walipotusimulia Koitobos jioni ile, nilimwona machozi yakimlengalenga, nikamwacha ayamalize.

Sijakiona kilele hicho mpaka leo, na kila jioni hukitazama mlima kutoka kibarazani bila deni. Ndugu zangu, watoto wenu wakitaka kupanda milima, msiwazuie, bali chagueni nao. Mtafuteni kiongozi ajuaye kurudi. Wazee wetu walisema: kawia ufike.

Wabillahi tawfiq.