Meza ya Kupakia Rangi Chumbani kwa Bibi

Wenzetu mnaoishi Nottingham mnajua kwamba mji huu si wa Robin Hood peke yake. Ni mji wa visanamu pia. Kampuni ya Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975, lakini makao yake makuu yako hapa kwetu, Lenton, na visanamu vya Warhammer hutengenezwa hapa hapa. Mapacha Alan na Michael Perry, mafundi maarufu wa kuchonga visanamu vya askari wa zamani, nao ni wa hapa. Sisi pia ni mapacha, ila hatuchongi. Tunapaka rangi tu. Kisanamu cha mtu kina urefu wa milimita 28 hivi, na uso wake ni mdogo kuliko punje ya mbaazi.

Kazi hii inataka meza, taa na dirisha. Nyumbani kwetu chumba chenye nafasi ya vyote vitatu ni kimoja, nacho ni cha Bibi.

Bibi alikuja kutoka Unguja miaka miwili iliyopita, baada ya Babu kufariki. Ngazi haziwezi, kwa hiyo alipewa chumba cha chini cha nyuma, ambacho zamani sisi tulikuwa tukisomea. Meza ilibaki pale pale chini ya dirisha. Lakini dirisha lile Bibi analihitaji kuliko sisi, kwa sababu anashona kofia. Si kofia za mashine. Ni kofia za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa sindano, na moja humchukua miezi. Anayoishona sasa ni ya mjomba wetu, anayeoa Agosti huko Unguja. Na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho.

Ushauri mwingi kuhusu kupanga meza ya kupakia rangi huwa ni wa mtu mwenye chumba chake. Funga rafu ya rangi ukutani, wanasema, acha kila kitu wazi ili ukae uanze mara moja. Kwetu ushauri huo haufai kitu. Meza yetu lazima iweze kufungwa, tena haraka, kwa sababu Bibi anasali chumbani mwake, na hapa kibla ni kusini-mashariki, upande ule ule wa dirisha. Siku ya kwanza alivitazama visanamu vyetu, akakunja msala wake taratibu, akasema, "Wajukuu zangu, hawa watu wenu wana macho. Wafunikeni nisali."

Sasa pigeni hesabu ya Desemba. Adhuhuri inaingia saa sita na dakika chache, alasiri kabla ya saa nane, na magharibi kabla ya saa kumi. Sala tatu ndani ya saa nne, na saa hizo nne ndizo zenye mwanga wa maana. Juni ni raha tupu, maana magharibi yenyewe huingia baada ya saa tatu na nusu usiku. Lakini mtu hapangi meza kwa ajili ya Juni.

Kwa hiyo meza yetu si meza, ni ubao. Baba alikata rafu ya zamani, sentimita 60 kwa 40, akaipigia kingo pembeni ili vitu visidondoke. Kila tunachokitumia kinakaa juu yake, na sanduku la plastiki lisiloonyesha ndani linafunika. Kufunga ni dakika mbili, kisha ubao wote unasukumwa chini ya kitanda. Hatukununua vishikio, tunabandika visanamu juu ya vichupa vya dawa za Bibi vilivyokwisha, na vinashikika vizuri sana. Brashi ni mbili, namba 1 na namba 2. Watu hununua kumi, lakini brashi moja yenye ncha nzuri inashinda kumi zilizochakaa. Rangi tunachanganyia kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko, ndani tumetandika sponji yenye maji na juu yake karatasi ya kuokea. Sala ikiingia tunafunika tu, na tukirudi rangi bado mbichi.

Rangi ya kwanza ya kupulizia hatuifanyi ndani hata siku moja, kwa ajili ya harufu na vumbi lake. Uani kukiwa na baridi na unyevu haikai vizuri, basi miezi ya baridi tunaipaka kwa brashi. Jambo jingine ni chai. Bibi hunywa chai ya rangi, na maji yetu ya kuoshea brashi nayo ni ya rangi. Tukaona bora maji yetu yakae kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko, si kwenye kikombe.

Pesa zetu karibu zote ziliishia kwenye taa. Balbu ya njano ya kawaida huifanya nyeupe ionekane kama maziwa yaliyochacha, na buluu inakufa kabisa. Tulitafuta taa yenye mwanga wa kama kelvini 5000, unaofanana na wa mchana, tukaifunga juu kabisa ya meza. Bibi akaja, akaishusha, akaivutia kushoto. "Mwanga wa juu unaua kitundu," alisema. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani kwa mwanga, unaonekana kwa kivuli chake. Tulijaribu kwenye uso wa askari mmoja, na kweli, pua na nyusi zilitokea.

Tusiseme uongo, kuna siku tunachoka kufungua na kufunga. Nadhani Bibi alituona, kwa sababu Novemba alianza kushonea jikoni. Tukimuuliza, anasema kule kuna joto. Usiku mmoja tukamsikia akimwambia Mama kwamba amewanyang'anya watoto chumba chao. Jikoni kwetu dirisha linatazama ukuta wa jirani. Alikuwa akishona kwa kupapasa, akifumua, akishona tena.

Hatukumwambia neno. Tulihamisha taa upande wa kiti chake, na ule ubao tukaupeleka mwisho wa meza, mbali na dirisha. Kesho yake alirudi, akakaa, akanung'unika kwamba taa inamchoma mkono.

Jicho la kwanza litafanyiwa operesheni Februari. Mpaka siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni tunamtungia uzi kwenye sindano kumi, tunazichomeka kwenye mto mdogo pembeni mwa taa. Kofia imebaki sehemu ya juu tu. Askari wetu ishirini bado ni wa kijivu.