Ufunguo Uliovunjika Soni

Mwaka 2019 tulisafiri kutoka Mombo kwenda Lushoto katika motokaa kuukuu tuliyoinunua kwa bei ndogo. Pamoja nasi alikuwamo mama yetu mgonjwa, aliyengojewa na daktari siku ile.

Njia ile hupanda kwa kuzunguka-zunguka, upande huu mwamba, upande huu bonde. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji, tukasimama ili mama apumzike. Kisha tulipotaka kuondoka, ufunguo ulikaza; nasi kwa haraka tukautia nguvu. Ukavunjika, nusu mkononi, nusu tunduni.

Mmoja wetu akashika bisibisi. Ndipo akaja fundi mzee, akasema, "Ngojeni, wanangu. Mkikichokoa kitazidi kuzama." Akatazama kwanza kama tundu limesimama mahali pa kuzima, kwani pengine ufunguo hautoki. Akapenyeza ubapa mwembamba wa msumeno. Meno yakakamata kipande, akakivuta polepole. Akaviunganisha vipande viwili, akavifuata kwa tupa, akachonga ufunguo mwingine. Motokaa nyingi za siku hizi hutaka ufunguo wenye kifaa cha umeme ndani yake. Yetu ya zamani ilitaka mchongo tu.

Tulifika jioni, daktari angalipo. Lakini mama alituambia, "Ufunguo ule mliuona umepinda tangu mwezi uliopita." Tukanyamaza, maana ni kweli.

Basi, ninyi wenye vyombo vikuukuu, chongesheni ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali mzima.