Kulabu Yetu ya Kuleta Taarifa

Chama chetu cha Kompyuta kina tovuti ndogo ionyeshayo hali ya hewa ya miji ya Uganda. Taarifa zenyewe si zetu. Twaziomba kwa Open-Meteo kupitia API, yaani mlango ambao programu moja huubisha ili ipewe taarifa na programu nyingine. Twapeleka latitudo na longitudo za mji, nasi twaletewa joto na mvua.

Wale waliotutangulia watakumbuka kwamba kila ukurasa uliubisha mlango huo kwa namna yake. Kurasa nyingine hazikusema hata "Ngoja kidogo"; mgeni aliona weupe mtupu akadhani simu yake imekufa.

Basi muhula uliopita tuliikusanya kazi hiyo mahali pamoja, tukaandika kulabu. React, ambayo Facebook waliitoa kwa watu wote mwaka 2013, ilipata kulabu mwaka 2019. Desturi yake ni kwamba jina lianze na herufi use. Ndiyo sababu yetu yaitwa useTaarifa, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, kama mazungumzo ya bwenini. Ukurasa huipa anwani, nayo hurudisha taarifa, au kosa, au habari kwamba bado tunangoja.

Lililotusumbua kupita yote ni jibu lililochelewa. Mtu huchagua Gulu, mara akageuka na kuchagua Mbarara. Mtandao ukiwa mzito, jibu la Mbarara laweza kutangulia, kisha la Gulu likaja na kuandikwa juu yake. Hapo msomaji huona jina la Mbarara na mvua ya Gulu, wala hakuna kosa linalotangazwa! Aliyeanika mahindi kwa kututegemea hawezi kutushukuru. Kwa hiyo kulabu hulikatiza ombi la kwanza kwa AbortController mara mji ubadilikapo. Tena hukagua kama jibu ni jema, maana fetch haihesabu 404 wala 500 kuwa kosa. Kwake, jibu ni jibu.

Wako wenzetu wasemao kwamba tumepoteza wakati bure, kwa kuwa ziko kulabu za mafundi, kama zile za TanStack Query, zenye hata ghala ya kuwekea majibu. Kweli, ni bora kuliko yetu. Lakini sisi wa kidato cha sita twaondoka mwisho wa mwaka, na wadogo zetu wa kidato cha pili wameisoma useTaarifa mstari kwa mstari. Juma lililopita mmoja wao aliongeza ukurasa wa Kabale, wala hakutuuliza neno.